Heshima ya Kupiga Dasta

Dada yangu alifundisha darasa la pili maisha yake yote na hakuwahi kumchapa mtoto. Simpambi. Mimi ni msusi, nina saluni ndogo karibu na shule yake, na akina mama wanaokaa kwenye viti vyangu hawamsazi mtu. Wangekuwa na la kumsema wangelisema mbele yangu, tena kwa makusudi, wanione nitafanya nini. Kasoro waliyomwona nayo ni moja tu: anaongea taratibu mno. Watoto walimwita Mwalimu Polepole, jina likamganda, hata wauza nyanya sokoni hawakumjua kwa jingine.

Kwetu alizaliwa yeye, nikafuata mimi, basi. Mama alitoka asubuhi kwenda kufua nguo za watu, akatuachia ndoo ya maji na maonyo. Dada ndiye aliyenifundisha kusoma, kwa kipande cha mkaa, nyuma ya mlango wa chumba. Nikipatia herufi, zawadi yangu ilikuwa kuifuta kwa kiganja na kujipaka masizi mashavuni. Nilikuwa nafanana na paka wa jikoni, na nilifurahi mpaka basi. Mama akirudi anauona mlango, tunachapwa wote wawili, yeye zaidi kwa kuwa ni mkubwa. Aliniambia akija kuwa mwalimu fimbo hataigusa, atatafuta kitu kingine cha kuwafanya watoto wasome. Na alikitafuta kweli, ole wetu.

Aliolewa, hakujaliwa mtoto, mume akaenda kutafuta kwingine. Aliondoka kwa adabu, lazima niseme haki yake, hata redio aliiacha. Dada alilia, akanawa uso, akarudi darasani. Tangu hapo mtu akimwuliza ana watoto wangapi anajibu, "Mwaka huu au mwaka jana?" Watu wanacheka. Mimi nilikuwa nacheka pia, ila nilikuwa namwangalia macho.

Darasa lenyewe ungeliona ungesikitika. Sakafu ya saruji imemenyeka, ukiburuta dawati inatoa unga. Dari hakuna, ni mabati na tandabui. Upande mmoja barabara ya malori ya kokoto, upande wa pili uwanja ambao nyasi zake zimekwisha kwa miguu ya watoto. Upepo ukivuma uwanja wote unataka kuhamia ndani, kwa hiyo madirisha ya mbao yalifungwa na kukomewa, amri ya mwalimu mkuu. Asubuhi watoto wanafagia pakavu, vumbi linapanda, linatua, linapanda tena, kisha wanajazana humo humo watatu watatu kwenye dawati na kupaza sauti kumsalimia mwalimu. Na chaki ilikuwa ile ya rahisi, ukiandika herufi moja nusu inashika ubaoni, nusu inakumwagikia mkononi. Jua likipenya kwenye tundu la bati, mwanga unasimama katikati ya darasa kama nguzo, vinavyoelea ndani yake unaviona. Dada aliwaambia watoto jua nalo limekuja shule. Wakawa wanalisalimia.

Sasa zawadi yake. Kila siku aliyesoma vizuri kuliko wenzake aliitwa Nyota, na Nyota alipewa heshima ya kupiga dasta. Usicheke. Anakabidhiwa dasta zote mbili za kufutia ubao, anatoka nje peke yake wenzake wakiwa wamekaa wanamwonea wivu, anazipiga ukutani, paf! paf!, wingu jeupe linapanda, ukuta unabaki na alama zake. Watoto waliugombea unyota huo. Kuna waliojifunza kusoma kwa ajili ya dasta tu, kitabu kiende kikafie mbali. Walimu wengine wenye fimbo zao walimcheka, lakini darasa la pili lilikuwa linasoma kuliko la nne.

Kisha shule ikapakwa rangi. Kulikuwa na wageni wanakuja, mwalimu mkuu akahema kwa furaha mbele ya ule ukuta wa samawati, akatangaza: "Huu ni uso wa shule. Nikiona alama ya chaki hapa, nitajua ni ya darasa gani." Dada angeweza kusema basi, dasta zimekwisha. Lakini angewapa nini? Pembeni ya darasa lake palikuwa na stoo, haina dirisha, imejaa madawati yaliyovunjika na ramani zilizoliwa na mende. Akaamua Nyota aingie humo, afunge mlango ili vumbi lisirudi darasani kwa wenzake, azigonganishe dasta mpaka ziishe unga. Watoto wakashangilia. Heshima ilikuwa imeongezeka, maana Nyota sasa ana chumba chake.

Mwanangu aliingia darasa la pili miaka kadhaa baadaye. Tulimwita Kiroboto, kwa udogo wake na kwa kurukaruka. Ni mmoja tu niliyenaye, na ukitaka ukweli alikuwa wa dada kuliko wangu. Alilala kwake, alikula kwake, akanijia mimi saluni kuomba kitana cha kumsukia mwanasesere. "Mama mkubwa kasema hivi, mama mkubwa kasema vile." Mume wangu, mwashi, mtu wa maneno machache, alikuwa ananitania kwamba tumezaa kwa niaba.

Dada aliogopa kuambiwa anampendelea, akawa anambana. Mwenzake akikosea neno moja anasamehewa, Kiroboto akikosea anarudishwa mwanzo wa ukurasa. Basi mtoto akasoma kama mwenye deni. Akaupata unyota, akaupata tena, mwishowe dasta zikawa kama zake. Anarudi nyumbani nywele nyeupe, kope nyeupe, pua inaonekana kwa matundu tu. Wateja wangu wanapiga makofi: "Bibi kizee karudi kutoka shambani!" Naye anainua kidevu, anapita katikati yetu kwa maringo. Jamani, nilikuwa nampenda alivyokuwa anapita vile.

Kikohozi kilianza kidogo. Dada akasema ni baridi. Kwetu kifua ni baridi, hakuna mwenye akili atakayekuambia kingine: ni upepo, ni maji ya mtungini, ni kutembea bila viatu. Akamkataza barafu za kulamba. Akamshonea sweta na kumvalisha juani. Darasani alikuwa amekaa karibu na dirisha lenye ufa, pale ambapo kahewa kalikuwa kanapita, akamhamisha asipigwe na upepo, akamketisha mbele kabisa, chini ya ubao. Ufa akauziba kwa matambara. Kila mtoto wangu alipozidi kukohoa, dada alizidi kumkinga, na kila alivyomkinga alimsogeza karibu na lile lililokuwa linamwua. Hiyo ndiyo inayonichoma mpaka leo. Angekuwa mzembe ningemchukia nikapumzika.

Siku yenyewe nilikuwa nimefika katikati ya kichwa cha mteja. Mtoto wa shule akaja mbio: "Mama Kiroboto, Kiroboto hapumui!" Nilitoka na kitana kimenichomeka kichwani, mteja nyuma yangu nusu kasukwa, nusu kafumuka kama aliyepigwa na umeme, watu wanatuangalia. Nilipofika zahanati dada alikuwa ameshamfikisha. Alikuwa amembeba mgongoni njia yote, mtu ambaye polepole ni jina lake. Viatu alikuwa hana.

Walimkuta stoo. Kengele ilikuwa imeshapigwa, watoto wametoka, Nyota hajarudi. Dada akafungua mlango, akamwona amekaa juu ya dawati bovu, mabega yanapanda na kushuka, midomo imepauka, dasta bado amezikumbatia.

Walimwekea kinyago cha dawa puani. Kifua kilikuwa kinapiga mluzi, nilikuwa nausikia nikiwa mlangoni. Alipotulia kidogo, daktari akaanza kuuliza. Nyumbani mnapikia nini? Kuna wanyama? Anacheza wapi? Tukajibu. "Na shuleni anafanya nini?"

Kiroboto akakisogeza kinyago. Sauti haikuwepo, lakini alijikakamua. "Mimi ndiye napiga dasta," alisema. "Napiga kuliko wote."

Daktari alimgeukia dada, naye dada akaeleza yote, stoo, mlango, unyota, kwa ile sauti yake ya taratibu, hakuficha kitu. Daktari hakumgombeza. Alisema ni pumu, huenda mtoto alizaliwa nayo imelala, lakini vumbi ndilo linaloichokoza, na vumbi la chaki kwenye chumba kisicho na hewa ni baya zaidi. Akauliza pia habari za kufagia, za madirisha, mtoto anakaa wapi. Dada akasema, "Mbele. Nilimweka mbele." Akaishika sketi yake, ikatoa unga, akaiachia haraka.

Mume wangu alikuja na saruji mikononi. Alisikiliza, akamtazama mwanawe, kisha akamtazama dada. Nimesema ni mtu wa maneno machache. Siku hiyo machache hayo yalitosha.

"Shemeji, ungekuwa na wako usingemfungia stoo."

Nilisema, "Baba Kiroboto!" Dada akanikataza kwa mkono. "Mwache," alisema. "Kasema kweli." Si kweli! Angekuwa na wake angemfungia humo humo kwa fahari, maana alidhani anampa kitu kizuri. Lakini hakutaka kutetewa. Mume wangu akamhamishia mtoto shule nyingine, mbali, yenye madirisha ya nondo yasiyofungika, akasema kwa mama mkubwa basi, asikanyage. Dada hakuja kubisha hodi. Mimi nilikuwa namwendea mchana saluni ikiwa tupu, tunaongea habari za bei ya sabuni.

Mtoto tulimwambia nini? Hatukumwambia kitu. Nani anamweleza mtoto? Tulimpa dawa yake ya kuvuta, tukamwonyesha njia ya shule mpya, tukadhani amesahau.

Dada ndiye aliyekuwa hasahau. Alikwenda kwa mwalimu mkuu kuomba madirisha yafunguliwe, sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagia, ubao ufutwe kwa kitambaa kibichi. Mwalimu mkuu akacheka mpaka akakohoa. "Sisi wote tumekula chaki, tumekufa?" Dada akamwambia, "Wewe mwenyewe unakohoa." Akaambiwa ana utovu wa nidhamu, yeye, Mwalimu Polepole! Hakungoja ruhusa. Akawa anafika mapema na ndoo yake kichwani, ananyunyiza, anayang'oa yale matambara aliyozibia ufa mwenyewe, anafungua madirisha. Upepo ukiwa mkali anafunga ya upande wa uwanja na kuacha ya upande wa pili. Walimu wenzake wakamwita mwosha maiti. Stoo akaitia kufuli, ufunguo akautupa chooni.

Lakini unyota haukurudi. Watoto walimwuliza, "Mwalimu, leo nani Nyota?" Alifikiria kuwapa kengele wapige, akaogopa masikio. Alifikiria kuwatuma kumwagilia maua, akaogopa nyoka. Kila jambo zuri aliligeuza juu chini kutafuta madhara yake, na ukitafuta madhara huyakosi. Mwishowe aliwafundisha bila kuwapa kitu, akawa mwalimu wa kawaida tu, na darasa likashuka likawa la kawaida.

Kisha akaanza kutembea majumbani. Nyota wake wote wa nyuma alikuwa nao kichwani, tangu mwaka wa rangi, huyu mtoto wa mpiga pasi, yule wa muuza mkaa. Anabisha hodi, anakaribishwa, anaulizia mtoto. Akishapewa maji ya kunywa anauliza, "Kifua chake kikoje?" Akina mama walikuja kuniletea saluni.

"Wee, dada yako ana nini? Kaja kusikiliza kifua cha mwanangu, kaweka sikio mgongoni kabisa!"

"Anafanya uganga siku hizi?"

"Majuto ni mjukuu, mwenzangu. Mwache atembee."

Huyo wa mwisho nilimvuta msuko mpaka akaona nyota zake mwenyewe.

Wengi walikuwa wazima. Mmoja, kijana sasa, alimcheka, akamwinua juu kwa mikono miwili kumwonyesha nguvu za mapafu yake. Lakini wa mpiga pasi alikuwa anakohoa. Mama yake akasema amekohoa tangu anatambaa, na moshi wa pasi ya mkaa je? Dada hakuweza kujua ni lipi lake na lipi si lake. Alirudi kwangu akakaa chini, mgongo kwenye mlango wa saluni. "Mdogo wangu," alisema, "waliokuwa wanashindwa kusoma ndio niliowaacha salama." Nikamfumua nywele nikaanza kumsuka, kwa sababu ndicho ninachojua.

Huku kwangu ripoti ya Kiroboto ikaja kutoka shule mpya. Wa mwisho. Eti hasomi, anakwama kwenye maneno ya watoto wachanga. Mume wangu alisema ni ugonjwa, mtoto amechoka mwili. Nikakubali, mpaka siku moja nikiwa ninaosha vitana kwa nyuma nikamsikia ndani anamsomea mteja gazeti lililofungiwa rasta. Anasoma habari ya mahakamani, maneno marefu kama treni, hashtuki hata kwenye "mshitakiwa". Nilipoingia akanyamaza, akaliangalia gazeti kama limeandikwa kwa lugha ya ndege.

Nilimhoji, nikambembeleza, nikamtishia. Hakuna. Usiku huo nilimweleza baba yake kila kitu. Alikaa, akakuna saruji kwenye kucha. "Mpeleke kwa dada yako," alisema. "Ndiye anayejua kichwa chake." Akaongeza, "Mlango ukae wazi."

Tulikwenda Jumamosi. Dada alikuwa amedeki nyumba nzima, ametoa zulia, ametoa mapazia, ametoa hata godoro. Nyumba ilikuwa tupu mpaka sauti inarudi. Kiroboto aliingia akasema, "Shikamoo," kama anavyomsalimia mgeni wa baba yake. Dada aliitikia.

Alimpa kitabu cha darasa la pili, kile alichokisoma akakimaliza mikononi mwake. "Nisomee hapa, mama."

"Ka," akasema mtoto. "Ka... ka... la..."

Nikawaka. "We mtoto! Si umesoma mambo ya mahakama juzi kwa masikio yangu haya?" Dada akanitazama tu, nikafunga mdomo. Alishuka kwenye kiti akakaa sakafuni, wakawa sawa kwa macho.

"Unajua kusoma," alimwambia. "Mimi najua. Kwa nini hutaki?"

Kiroboto alivuta uzi wa sketi yake.

"Nikisoma vizuri utanipa kitu."

"Nitakupa kitu gani?"

"Kizuri. Halafu nitaumwa. Halafu baba atakukasirikia, na wewe hutakuja tena."

Mungu wangu. Mwaka mzima mtoto huyu alikuwa anajifanya mjinga ili aturudishie dada yangu, na sisi tulikuwa tunamnunulia vitamini. Nilitaka kulia kwa sauti. Nilimwangalia dada nikingoja amweleze, yeye ambaye hajawahi kukosa neno la kumwambia mtoto. Mikono yake ilitaka kwenda kwa mtoto, akaikalia.

"Sitakupa kitu," alisema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Sina cha kukupa."

Mtoto alimchunguza usoni, amwone kama anadanganya. Kisha akakivuta kitabu, akaanza juu ya ukurasa, akasoma. Alisoma kwa kituo, anapumzika panapotakiwa, anapandisha sauti kwenye swali, vilevile kama alivyofundishwa, hakukosea hata neno moja. Alipofika mwisho akainua macho, na nilimwona, alikuwa anangoja. Zawadi anaiogopa, lakini alikuwa anangoja.

Dada yangu machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kidevuni. Hakusema "vizuri". Hakutabasamu hata. Alinyoosha kidole, akamfunulia ukurasa wa pili.

"Endelea," alimwambia.